Kompyuta ya Mezani Isiyonguruma: Kuchagua Feni na Kuziongoza

Kompyuta nyingi za mezani zinazonguruma hazina feni mbovu. Zina feni nzima kabisa, ila zinazungushwa kwa kasi isiyohitajika, au zinapandishwa na kushushwa kasi kila mara bila faida yoyote. Ndiyo maana mtu anaweza kununua feni mpya za bei kubwa, akazifunga, akawasha mashine, na mngurumo ukawa uleule. Kununua ni nusu ya kazi, tena ile nusu ndogo. Nusu kubwa ni kuamua feni izunguke kwa kasi gani, ibadilike upesi kiasi gani, na ifuate joto la kifaa kipi.

Jambo hili linawagusa zaidi watu wanaoshinda na mashine: mhariri wa video anayeacha kazi ijichakate usiku kucha, mwanafunzi anayesoma chumba kimoja na wadogo zake waliolala, mtu anayerekodi simulizi au kipindi chake nyumbani huku kipaza sauti kikidaka kila mvumo. Kwao utulivu si anasa hata kidogo.

Kelele inazaliwa na kasi

Feni hutoa sauti za namna tatu. Kuna sauti ya hewa yenyewe, inayokatwa na mapanga na kuvurugika inapopita kwenye matundu ya bati. Kuna sauti ya mota na beringi. Na kuna mtikisiko: feni inatetemesha kasha la kompyuta, kisha bati zima linavuma kwa niaba yake. Mtikisiko hutibika kirahisi kwa vishikizo vya raba badala ya skrubu, na kwa kuhakikisha mlango wa pembeni wa kasha umekaza. Sauti ya hewa ndiyo kubwa kuliko zote, nayo inatawaliwa na kasi.

Uhusiano wa kasi na mambo mengine katika feni unajulikana vizuri, na inafaa kuuelewa kabla ya kutoa hela. Ukipunguza kasi kwa nusu, hewa inayopita inapungua kwa nusu. Msukumo wa hewa unabaki robo. Umeme unaotumika unabaki sehemu moja ya nane. Sauti nayo inashuka kwa takriban desibeli 15. Desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari. Sauti ikishuka desibeli 10, sikio la mtu wa kawaida huisikia kama imepungua nusu. Kwa hiyo feni iliyopunguzwa kasi kwa nusu husikika kama theluthi tu ya ilivyokuwa.

Sasa ongeza feni ya pili ya aina ileile. Feni mbili zinazolingana hutoa desibeli 3 tu zaidi ya feni moja. Ukiziendesha zote mbili kwa nusu kasi, zinapitisha hewa sawa na feni moja inayokwenda kasi yote, lakini kwa sauti iliyo chini kwa desibeli 12. Sijui hesabu nyingine katika mambo ya kompyuta yenye faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi. Kila ushauri mzuri utakaousikia kuhusu kupoza mashine kimya unatoka humu: feni nyingi kidogo, kubwa kidogo, zinazokwenda polepole.

Ukubwa unafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Pangaboi la darini hujaza chumba upepo bila kusikika, ilhali kifeni cha mezani lazima kipige kelele ili kifikishe upepo huohuo. Kimahesabu, feni ya milimita 80 yenye umbo sawa na ya milimita 120 inatakiwa kuzunguka zaidi ya mara tatu kasi ya ile kubwa ndipo ipitishe hewa ileile. Kama kasha lako lina nafasi ya milimita 120 au 140, hakuna sababu ya kuweka kitu kidogo zaidi.

Lakini wingi wa sauti si kila kitu. Sikio husamehe mvumo laini ulio sawa muda wote, likausahau kabisa baada ya dakika chache. Halisamehi sauti yenye noti moja inayochomoza. Feni yenye mapanga tisa ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mapanga hupita kwenye nguzo zake mara 225 kwa sekunde, na hiyo ni noti kamili inayosikika. Ikikutana na bati linalopenda kutetemeka kwa noti hiyo, inakuwa kero. Karibu kila feni ndani ya karibu kila kasha ina mwendo mmoja au miwili mibaya ya namna hii. Dawa ni kuipata kwa sikio, ukipandisha kasi kidogokidogo, kisha kupanga feni isikae kwenye mwendo huo.

Feni mbili za aina moja huleta tatizo la ziada. Moja ikienda mara 1,000 na nyingine mara 1,010 kwa dakika, sauti zao hupishana na kutoa mvumo unaopanda na kushuka, kama mara moja na nusu kwa sekunde kwa feni zenye mapanga tisa. Mtu hudhani feni imeharibika. Haijaharibika, zitenganishe kwa mizunguko 50 hadi 100 na mvumo huo utatoweka. Noctua, kampuni ya Austria, ilipotoa feni zake za milimita 140 za kizazi cha pili mwaka 2024, iliziuza pia kwa jozi ambazo kasi zake zimetofautishwa kidogo kiwandani kwa sababu hii hasa.

Hewa kiasi gani inatosha?

Watu hununua feni kwa kuogopa joto bila kujua joto lenyewe ni kiasi gani. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Mashine ya ofisini inayotumia wati 60 inahitaji mita za ujazo 18 hivi za hewa kwa saa ili hewa itoke ikiwa imepanda nyuzi 10 tu kuliko ilivyoingia. Mashine ya michezo au ya kuhariri video inayotumia wati 300 inahitaji mita za ujazo 90 kwa saa kwa ongezeko hilohilo.

Tazama kinachotokea kwa ile ya wati 300 ukibadilisha hewa. Kwa mita za ujazo 45 kwa saa, hewa ya ndani inapanda nyuzi 20. Ukiongeza mara mbili hadi 90, inapanda 10. Umeokoa nyuzi kumi. Ukiongeza tena mara mbili hadi 180, inapanda 5. Umeokoa nyuzi tano tu. Hatua inayofuata itaokoa mbili na nusu. Ukitafuta ongezeko hilo kwa kasi, kila hatua inakugharimu desibeli 15 na kila hatua inakupa nusu ya faida ya hatua iliyotangulia. Hapo ndipo unapoona kwamba robo ya mwisho ya kasi ya feni karibu haina kazi isipokuwa kupiga kelele.

Joto la chumba ndilo sakafu ambayo huwezi kushuka chini yake. Vipimo vingi vinavyochapishwa Ulaya na Marekani hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, bila kiyoyozi, hufika 31 au 32. Ongeza tofauti hiyo kwenye kila namba unayoisoma na usishtuke: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyopimwa kwa nyuzi 70 kule, kwako itakaa 80, na bado iko salama. Prosesa nyingi za AMD za Ryzen 7000 zimebuniwa kufanya kazi hadi nyuzi 95, na nyingi za Intel zina kikomo cha 100. Wakazi wa Nairobi wana chumba chenye ubaridi zaidi, ila hewa yao, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kila mita ya ujazo hubeba joto pungufu kidogo. Sehemu ya faida ya ubaridi inaliwa na wepesi huo.

Kabla hujanunua chochote, angalia mashine imewekwa wapi. Meza nyingi za kompyuta zinazouzwa madukani zina kijisanduku cha kusimamishia kasha, chenye ubao nyuma na mlango mbele. Ndani ya kijisanduku hicho feni huvuta hewa ileile ya moto iliyotoka kuitoa. Ng'oa ubao wa nyuma, au toa kasha nje kabisa. Utapata nyuzi kadhaa bure.

Kuchagua

Kwenye boksi la feni utaona namba tatu: hewa, kwa mita za ujazo kwa saa au futi za ujazo kwa dakika (zidisha futi kwa 1.7 upate mita kwa saa), msukumo, kwa milimita za maji, na sauti kwa desibeli. Namba ya desibeli nashauri uitilie maanani kidogo sana. Kila kampuni hupima kwa njia yake, kwa umbali wake, na nyingine hazisemi zimepimaje. Inafaa kulinganishia feni mbili za kampuni moja, basi.

Namba ya hewa hupimwa feni ikiwa wazi, haina kitu mbele wala nyuma. Ndani ya kasha kuna wavu, chujio la vumbi, na mapezi (vibati vyembamba) ya kipoza joto, na hapo ndipo msukumo unapohitajika. Feni ya nyuma ya kasha yenye tundu kubwa inaweza kuwa na msukumo mdogo. Feni inayopuliza kwenye mapezi ya kipoza joto cha prosesa, au inayovuta kupitia chujio zito, inahitaji msukumo. Siku hizi feni nzuri hufanya kazi zote mbili, kwa hiyo huna haja ya kuumiza kichwa sana.

Mfano wa bei ya juu ni Noctua NF-A12x25 ya mwaka 2018: mizunguko 2,000 kwa dakika, mita za ujazo 102 kwa saa, msukumo wa milimita 2.34. Kati ya ncha za mapanga na fremu wameacha nafasi ya nusu milimita tu, ili hewa isirudi nyuma ikipita pembeni. Plastiki ya kawaida ingetanuka kwa miaka ya kuzunguka kwenye joto hadi ikagusa fremu, ndiyo maana walilazimika kutumia plastiki ya aina nyingine iliyo ngumu zaidi. Mfano wa bei nafuu ni Arctic P12: mizunguko 1,800, mita za ujazo 95 hivi, msukumo wa milimita 2.2. Tofauti ya namba ni ndogo, tofauti ya bei ni kubwa. Kwa pesa ya Noctua moja unaweza kupata Arctic kadhaa, na ukikumbuka hesabu ya feni mbili kwa nusu kasi, unajua nitakushauri nini kwa kasha la kawaida. Noctua ninaitetea kwenye kipoza joto cha prosesa, mahali penye nafasi ya feni moja tu.

Beringi ndiyo inayoamua feni itaishi miaka mingapi kabla ya kuanza kukwaruza. Feni za bei ya chini hutumia bushi: ekseli inazunguka ndani ya kibomba chenye mafuta. Ni kimya ikiwa mpya, lakini joto hukausha mafuta, na feni ikifungwa ikiwa imelala, kwa mfano juu ya kasha, bushi huisha mapema zaidi. Beringi za gololi hudumu na huvumilia joto, ila zina mtetemo mdogo unaosikika kwa kasi ya chini. Bora kwa utulivu ni zile ambazo mafuta yamefungiwa ndani na kusukumwa na mifereji midogo iliyochongwa kwenye ekseli, kiasi kwamba chuma hakigusani na chuma. Kwenye boksi tafuta herufi FDB.

Sasa plagi, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Feni yenye pini tatu huongozwa kwa kupunguza volti: 12 ni kasi yote, 7 ni polepole, na chini ya 5 hivi nyingi hushindwa kuanza kuzunguka. Feni yenye pini nne hupewa volti 12 muda wote, na pini ya nne hubeba amri, inayoitwa PWM, inayokatwa na kuunganishwa mara 25,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio. Kadiri amri inavyokaa imewashwa sehemu kubwa ya muda, ndivyo feni inavyokwenda kasi. Njia hii hushusha feni hadi mizunguko 300 au 400 bila kusita. Pini ya tatu, kwenye aina zote mbili, hurudisha taarifa ya kasi: feni hutuma mapigo mawili kwa kila mzunguko.

Jihadhari na feni zinazoungwa moja kwa moja kwenye pawasaplai kwa ile plagi kubwa ya Molex. Nayo ina pini nne, lakini haina amri yoyote. Feni itakwenda kasi yote mpaka siku itakapokufa. Makasha mengi ya bei nafuu yenye feni za taa za rangi huja hivyo, au huja na plagi ya pini sita inayoingia kwenye kisanduku chake chenyewe, na madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, haina mamlaka juu yake. Kasha lenye kioo kitupu mbele na feni tatu za rangi nyuma ya kioo hicho linapendeza, lakini feni zinanyonya hewa kupitia upenyo mwembamba wa pembeni, na kazi yote inageuka kelele. Wavu mbele ni bora mara nyingi zaidi.

Kuziongoza

Anzia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi inayofunguliwa mashine inapoanza kuwaka. ASUS huita sehemu hiyo Q-Fan, Gigabyte huita Smart Fan, MSI huiweka chini ya Hardware Monitor. Zote zina grafu yenye joto chini na kasi pembeni, na vidoti vya kuburuta.

Kosa la kwanza la kutafuta: soketi ya feni ya pini tatu ikiwa imewekwa kwenye PWM. Madabodi hapo hutoa volti 12 kamili na kutuma amri kwenye pini ambayo haipo, na feni inanguruma saa zote. Ibadilishe iwe DC, yaani iongozwe kwa volti. Kosa la pili: feni imechomekwa kwenye soketi ya pampu ya maji, ambayo kwa kawaida huwa imepangwa iende kasi yote. Ukikuta mojawapo, umemaliza nusu ya tatizo bila kununua kitu.

Tuje kwenye grafu yenyewe. Sensa ya joto iko ndani ya prosesa, kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Ukifungua ukurasa wa intaneti, kipande hicho hupanda kutoka nyuzi 45 hadi 65 kabla hujapepesa jicho, kisha hushuka. Madabodi ikifuata joto hilo bila kuchelewa, feni hupaa na kushuka kila unapobofya. Na kupaa huko hakusaidii hata chembe, kwa sababu feni haipozi silikoni, inapoza mapezi. Kilo moja ya aluminiamu inahitaji jouli 900 ili ipande nyuzi moja. Prosesa ikitoa wati 90, hata kama hakuna upepo wowote, mapezi yenye uzito huo yatachukua sekunde 10 kupanda nyuzi moja. Katika sekunde mbili za kufungua ukurasa, mapezi hayajui hata kama kuna jambo limetokea.

Kwa hiyo chelewesha. Kwenye BIOS nyingi kuna mahali pa kuweka muda wa feni kupanda na muda wa kushuka. Weka sekunde tano au zaidi kupanda, na kushuka hata mara mbili ya hapo. Hupotezi usalama wowote, maana prosesa ikizidiwa hujipunguza kasi yenyewe. Unachopoteza ni ule mlio wa kupaa na kushuka unaochosha kuliko kelele yenyewe.

Kisha lainisha grafu. Kwa chumba cha pwani, mimi ningeiacha feni ya prosesa kwenye mstari mnyoofu, mizunguko 600 hadi 700, mpaka nyuzi 60. Kutoka 60 hadi 80 ipande taratibu kufikia asilimia 60. Na kasi yote niiachie nyuzi 90. Kwa zile Ryzen 7000 zinazokimbilia 95 kwa makusudi zinapopewa kazi nzito, sukuma mstari huo mnyoofu hadi 70, na kikomo cha juu ukiweke asilimia 70 au 80. Ukifanya hivyo prosesa itapoteza kasi kidogo sana, nawe utapata chumba unachoweza kuzungumza kwa simu ndani yake.

Feni za kasha zina kosa lao: kwa kawaida zimepangwa zifuate prosesa. Kwenye mashine ya michezo, kifaa kinachotoa joto jingi ni kadi ya grafiki, na BIOS nyingi haziwezi kusoma joto lake. Matokeo yake, kadi inachoma wati 200 huku feni za kasha zikisubiri prosesa ilalamike. Kwenye Windows programu ya bure ya Fan Control hutatua hili: unaweza kuiambia feni ya mbele ifuate joto la prosesa au la kadi, lolote lililo juu zaidi, na ichukue wastani wa sekunde kadhaa zilizopita. Kwenye Linux kuna lm-sensors pamoja na zana zake pwmconfig na fancontrol, na ipo CoolerControl kwa anayetaka dirisha la kubofya. Feni za kadi za AMD na NVIDIA zenyewe zinaweza kuongozwa, kwenye Windows, kwa programu ya MSI Afterburner.

Kadi nyingi husimamisha feni zake kabisa zikiwa zimetulia, jambo zuri mpaka pale kadi inapoelea kwenye mpaka: inafika nyuzi 55, feni zinawaka, inapoa, zinazimika, inarudi 55. Afterburner ina mahali pa kuweka pengo, yaani feni ikiwaka kwa 55 isizimike mpaka 45. Wakati mwingine inatosha feni ya mbele ya kasha kupuliza polepole muda wote, kadi isifike 55 kabisa. Mimi hupendelea njia hii ya pili. Feni ya kasha kwa mizunguko 500 haisikiki, na inapoza pia diski na vidhibiti vya umeme vya madabodi ambavyo havina feni yao.

Ukigawa soketi moja kwa feni mbili au tatu, kumbuka soketi nyingi zina kikomo cha ampea 1. Soma lebo ya kila feni ujumlishe. Na waya mmoja tu ndio urudishe taarifa ya kasi. Madabodi haiwezi kuhesabu mapigo ya feni mbili kwa pamoja.

Ukimaliza, ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto kwenye programu ya HWiNFO. Ifanye hiyo mchana wa jua kali. Grafu iliyopangwa saa tano usiku, dirisha likiwa wazi, itakudanganya.

Punguza joto lenyewe

Wati ambayo haikuzalishwa haihitaji feni. Prosesa ya Ryzen 7 5800X inaruhusiwa kutumia hadi wati 142. Ukiiweka kwenye Eco Mode, mpangilio wa kubana umeme, inashuka hadi 88, na kwa kazi nyingi za kawaida tofauti ya kasi ni ndogo kuliko utakavyodhani. Kadi za grafiki nazo hukubali kupunguziwa volti kidogo. Kama ningelazimika kuchagua kati ya kumnunulia mtu feni tatu mpya na kumwonyesha kubadilisha mpangilio huu mmoja, ningeanza na mpangilio.

Mashine za mtumba

Wengi wetu tunatumia Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizotoka maofisini nje ya nchi, na hizi zina sheria zake. OptiPlex nyingi zina plagi ya pini tano kwenye feni ya prosesa. Feni ya kawaida haiingii bila waya wa kubadilishia, na ukiiacha wazi mashine hukusimamisha wakati wa kuwaka ikidai feni ina hitilafu. HP hukuletea ujumbe wa 511 kwamba feni ya prosesa haijaonekana. Baadhi ya HP zina mahali kwenye BIOS pa kuongeza kasi ya chini ya feni. Angalia isiwe imepandishwa na mmiliki wa kwanza.

Kwenye mashine hizi mara nyingi kosa si feni. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina zaidi ya miaka kumi, na dawa ya joto kati ya prosesa na kipoza joto imekauka ikawa unga. Ifute kwa spiriti, paka mpya kiasi cha punje ya mchele, safisha mapezi, na feni ileile itashuka kasi yenyewe. Unapopuliza vumbi, shikilia mapanga kwa kidole. Feni ikizungushwa na upepo wa blowa hupita kasi iliyobuniwa na beringi huumia. Pwani, ambako vumbi hushikana na chumvi na unyevu, brashi laini inahitajika kabla ya kupuliza.

Feni ya bushi iliyoanza kukwaruza unaweza kuipa nafuu kwa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika ya katikati. Usitumie mafuta ya kupikia, yatagandamana. Nafuu hiyo ni ya muda. Itumie ukisubiri feni mpya. Na feni iliyo ndani ya pawasaplai usiifungue kwa namna yoyote kama huna ujuzi wa umeme, kwa sababu kapasita za humo hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Feni zikishatulia utaanza kusikia vitu vilivyokuwa vimefunikwa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huvuma mara 120 kwa sekunde na kuupitisha mvumo huo kwenye bati. Iwekee raba, au hamishia mafaili kwenye SSD. Mluzi mwembamba unaotoka kwenye kadi ya grafiki mchezo ukiwa umewaka ni wa koili zake, na hakuna feni itakayouondoa. Weka kikomo cha fremu kulingana na skrini yako, 60 au 75 kwa sekunde, na mara nyingi mluzi hupungua pamoja na joto.